Kaza Moyo wa Gurudumu

Waliacha mnyororo.
Waliukata pete moja tu, kwa ustadi,
wakaulaza juu ya saruji kama anayekunja nguo za mwenzake,
kando ya doa la oili
ambalo hata leo nalikwepa nikipita na ndoo.

Miaka kumi na tisa. Ya Kijapani, ya buluu,
jasho la misimu miwili ya kuchambua viazi.
"Kuibiwa si kufiwa," alisema jirani yangu Casimiro,
akanimiminia kahawa. Nikamwitikia.
Lakini usiku niliamka mara tatu kutazama pale pasipo kitu,
kana kwamba na pengo nalo laweza kuibwa.

Polisi kijana wa San Luis aliandika rangi, mwaka, namba.
Hakuandika kwamba klachi yake ilitaka vidole viwili tu,
wala mkwaruzo wa tangini, siku ng'ombe wa Ofelia
alipokataa kunipisha darajani.
Fomu haikuwa na nafasi.

Na maji hayangoji.
Mimi ndiye mgawa maji wa mfereji wa juu,
maili kumi na moja za tope, mawe na malango ya mbao.
Mei, theluji ya milimani ikiyeyuka,
kila mwenye shamba anaijua zamu yake
kuliko anavyozijua siku za kuzaliwa za wanawe.
Wiki tatu nilikwenda kwa miguu, koleo begani.
Wiki tatu nilitukanwa kwa adabu.

Bima ilinilipa kiasi cha kununulia hasira.
Nikaongeza pesa za kuni,
nikaongeza za jino nililokuwa nikaling'oe,
nikaagiza ya Kichina.

Ilikuja juu ya lori la mbolea, ndani ya kreti la chuma,
gurudumu la mbele limefungwa ubavuni
kama mgonjwa aliyebeba mguu wake mwenyewe.
Kijitabu chake (aliyekitafsiri Mungu anamjua) kilisema:
*Kabla ya safari, tafadhali kaza moyo wa gurudumu.*
Na ukurasa wa tisa: *Usiendeshe pamoja na huzuni.*
Nikakaa sakafuni, spana namba kumi na saba mkononi,
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Rahisi ghali," alisema binamu yangu Leandro,
ambaye yake ina bei ya nyumba
na imeonja vumbi mara mbili tangu izaliwe.
Akaigonga madigadi kwa ukucha.
Sikumbishia. Boliti mbili zilikatika kama jibini.
Nilikaza kila nati, nikarudia,
nikabadilisha spoki iliyokuwa ikilia,
na taa ya gia huru ilizidi kudanganya hata tukiwa gia ya tatu.
Niliipanda kama mtu aliyeazima viatu vya kwendea mazishini.
Kila aliyeuliza nilimwambia: siipendi.

Hadi Jumapili moja, kwenye lango la nne,
Casimiro akaizunguka, mikono mfukoni.
"Ina uzuri mmoja," akasema. "Hii hakuna mwizi atakayeitaka."
Akacheka.

Mimi sikucheka. Kitu kilinipanda kooni kwa niaba yake.
Hii iliyovuka mto Culebra, maji yakilamba ekzosi?
Hii iliyobeba mbao za lango, na Ofelia juu ya mbao,
siku mfereji ulipobomoka?
Inayowaka kwa pigo la kwanza, karibu kila asubuhi?
Asiyeitaka ni nani?

Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda.
Nikaondoka bila kuaga, mpaka Alamosa, duka la vyuma,
nikanunua mnyororo mnene kama mkono wa mtoto.
Muuzaji alinitajia bei, akachungulia nje dirishani
kuona ni kitu gani nakilinda,
akanitazama tena.

Kufuli lilikuja na funguo mbili.
Mmoja natembea nao.
Wa pili nimeutundika msumarini,
kando ya ule wa ile ya buluu,
usiofungua kitu, ambao bado naupangusa.